Njaa ya bibi na DNA ya mjukuu: mwili unafuta nini, unabakiza nini

Kwenye mihadhara ya wazi kuna swali halikosi, eti njaa au hofu aliyopitia bibi imeandikwa kwenye DNA ya mjukuu? Watu wameshasoma mtandaoni wakaambiwa ndio, na wengine wanauziwa hadi vidonge vya "kusafisha jeni". Jibu letu ni kwamba kwa mamalia mwili unafanya kazi kubwa sana ili jambo hilo lisitokee kirahisi, unafuta alama zilizokaa juu ya DNA mara mbili kabisa, na ukishaijua hiyo kazi utaweza kuchuja mwenyewe unachokisoma.

Seli yako ya ini na seli yako ya ubongo zina DNA ileile, tofauti ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Njia mojawapo ya kuzima ni kubandika kemikali ndogo inaitwa methili juu ya herufi C ya DNA, hasa pale C inapofuatiwa na G, yani herufi zenyewe hazibadiliki, kinachobadilika ni kama zinasomeka au hazisomeki. Zipo njia nyingine pia, kuna protini za histoni ambazo DNA imejizungusha juu yake na zenyewe zinabeba alama zake, ila methili ndo rahisi kuifuatilia maana seli ikigawanyika kuna kimeng'enya (protini ya kazi za kikemia mwilini) kinaitwa DNMT1 kinanakili alama zilezile kwenye uzi mpya. Ndo epijenetiki hiyo, jina lililotoka kwa mwanabiolojia Conrad Waddington mwaka 1942, kabla hata umbo la DNA halijajulikana.

Sasa twende kwenye seli za uzazi, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye utamu. Kwa panya, ambaye ndo tunamjua vizuri kuliko wote, siku ya 7 hivi ya mimba linatengwa kundi la seli kama 40 tu ambazo ndo zitakuja kuwa mayai au manii, na wala hazikuzaliwa na cheo hicho, ni tishu ya jirani inazitumia ujumbe kwa protini ya BMP4 na ndani yake zinaamka jeni kama BLIMP1 na PRDM14 zinazozikataza kuwa ngozi au misuli. Zikishatengwa zinaanza safari, zinapita kwenye utumbo wa nyuma wa kiinitete huku zinaongezeka, siku ya 10 au 11 zinafika mahali ambapo baadae patakuwa korodani au ovari. Na njiani huko ndo ufutaji unafanyika, methili inashuka kutoka karibu asilimia 70 hadi chini ya asilimia 10 ikifika siku ya 13. Inashukaje? Msaidizi wa DNMT1, anaitwa UHRF1, anapunguzwa, kwahiyo kila seli ikigawanyika alama zinapungua zenyewe kwa kukosa wa kuzinakili, alafu vimeng'enya vya TET navyo vinashambulia zile zilizobaki. Kwa majike, ambao wana kromosomu X mbili na moja huwa inazimwa, hata hiyo iliyozimwa inawashwa tena.

Baada ya hapo mwili unaandika upya, ila dume na jike hawaandiki wakati mmoja. Dume anaandikwa kabla hajazaliwa, alama zikishawekwa zinanakiliwa kila seli za manii zinapogawanyika maisha yake yote, na mwishoni manii inatoa sehemu kubwa ya histoni zake na kuweka protini nyingine inaitwa protamini ili DNA ikunjwe ibanane kabisa. Jike anaandikwa baada ya kuzaliwa, yai linapokuwa linakua. Kwa binadamu mtoto wa kike akiwa tumboni wiki ya 20 ana mayai milioni 6 hadi 7, akizaliwa yamebaki milioni 1 hadi 2, na kwa kila yai uandishi unakuja pale linapoanza kukua.

Alafu yai na manii vikikutana, ufutaji unakuja mara ya pili! Upande wa baba unafutwa haraka, ndani ya saa chache, na kimeng'enya cha TET3, upande wa mama unapungua polepole.

Kinachopona hapo kwa uhakika ni jeni zenye mhuri wa mzazi, ziko kama 100 hivi au zaidi, ambazo nakala ya baba au ya mama peke yake ndo inafanya kazi, na kuna protini kama ZFP57 inakaa juu yake kuzilinda wakati wengine wanafutwa. Tulijua umuhimu wake mwaka 1984, James McGrath na Davor Solter huko Marekani na Azim Surani na wenzake Uingereza walitengeneza viinitete vya panya vyenye seti mbili za mama au seti mbili za baba, DNA ya kutosha kabisa, na vyote vikafa. Vya mama tupu vilikuwa na kondo dhaifu, vya baba tupu kondo linakua lakini kiinitete chenyewe hakiendi popote. Binadamu tunaona kitu cha namna hii kwenye mimba zabibu, ile ambayo kromosomu zote zimetoka kwa baba, kondo linavimba na mtoto hakuna. Na mhuri ukikosewa au kipande kikikatika matokeo yanategemea ni cha nani: kipande kilekile cha kromosomu ya 15 kikikosekana upande wa baba mtoto anapata Prader-Willi, anazaliwa mlegevu na baadae hashibi, kikikosekana upande wa mama ni Angelman, kifafa na kuchelewa sana kuongea.

Kuna vichache vingine vinavyokwepa kufutwa, hasa vipande vya DNA vinavyofanana na virusi ambavyo mwili unaogopa kuviamsha. Panya wa agouti ni mfano huo, kipande kama hicho kiko jirani na jeni ya rangi, kikiwa na methili panya anakuwa wa kahawia, kikikosa anakuwa wa njano na mnene. Mwaka 2003 watafiti Waterland na Jirtle walionyesha mama akilishwa foleti, B12 na virutubisho vingine vya kutoa methili watoto wa kahawia wanaongezeka. Hapa ndo wauza vidonge walipopata maneno, lakini maeneo ya aina hiyo ni nadra sana hata kwa panya. (Foliki asidi ya kliniki endeleeni kumeza, ile inazuia mgongo wazi, ni habari nyingine.)

Na binadamu? Mfano unaotajwa sana ni njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945. Waliotungwa mimba wakati wa njaa walipimwa miaka kama 60 baadae, wakakutwa na methili pungufu kwenye jeni ya ukuaji inayoitwa IGF2 kuliko ndugu zao wa kuzaliwa. Ni kweli na ni muhimu, lakini sio urithi, hao walikuwepo tumboni, njaa iliwapiga wenyewe. Mjamzito akipata shida vizazi vitatu viko pale kwa pamoja: yeye, mtoto aliye tumboni, na seli za uzazi za huyo mtoto ambazo ndo zitakuja kuwa wajukuu. Kwahiyo kwa upande wa mama ushahidi wa kurithi unaanza kwa kitukuu, kwa upande wa baba unaanza kwa mjukuu, na kwa watu kufuata familia mpaka huko ni miongo mingi, na muda wote huo watu hao wanarithishana pia kipato, mapishi, sigara na namna ya kulea watoto.