Maji ya bahari siyo dawa ya kidonda: maswali ya wanaoishi chomboni

Niko zahanati moja ya pwani huku Mtwara na wagonjwa wangu wengi ni watu wanaolala chomboni, mabaharia wa majahazi, vijana wa dagaa, wavuvi wanaopiga dago (kambi ya uvuvi) visiwani wiki kwa wiki, na mara mojamoja wageni wa zile boti za tanga zinazotia nanga Mikindani. Kinachowaleta kwangu sio papa wala dhoruba, ni miguu. Mtu kachubuka kidogo tu kwenye tumbawe, kapuuza, anakuja mguu umevimba mpaka gotini. Maswali ni yaleyale na majibu ni yaleyale, nimechoka kuyarudia mdomoni, acha niyaandike.

Kidonda cha baharini ndo kipi, si mchubuko tu?

Ni mchubuko, mkato au tundu lolote ulilolipata majini au chomboni. Tumbawe, chaza walioganda kwenye mkuku, ndoana, kamba ya tanga iliyokuchuna kiganja, mwiba wa samaki. Shida yake ni kwamba hakipati nafasi ya kukauka kwa sababu miguu inashinda kwenye maji yaliyoingia chomboni, halafu mara nyingi ndani kunabaki kitu. Tumbawe linakatika vipande vidogovidogo humohumo kwenye nyama, juu unaona kimefunga kumbe chini kuna mchanga mzima.

Lakini sisi tumekua tunajua maji ya bahari yanaponya vidonda.

Hayaponyi.

Najua babu alisema, na nahodha wako naye anasema, na kuna siku ulichubuka ukaogelea ukapona. Ulipona kwa sababu mwili wako ulipigana, sio kwa sababu ya bahari. Maji ya bahari yetu ni ya uvuguvugu mwaka mzima, na humo wanaishi vijidudu ambao ni ndugu kabisa wa yule wa kipindupindu, wanapenda chumvi na wanapenda joto, ukiwapelekea nyama iliyo wazi wanaingia. Kile kidonda unachosema "kimesafishika" maana kimekuwa cheupe, hicho cheupe ni ngozi iliyolowana kwa kukaa majini, haina nguvu tena ya kuzuia kitu. Kwa hiyo hapana, usikiloweke baharini asubuhi, usikiloweke jioni, na usiniambie "kidogo tu".

Mbona nyie wenyewe hospitali mnaosha vidonda kwa maji ya chumvi?

Hili naulizwa na watu wazima wenye akili zao kabisa. Yale maji ya dripu yana chumvi gramu 9 kwenye lita moja, yametengenezwa yakauliwa vijidudu yakafungwa. Maji ya bahari yana gramu kama 35 kwa lita, na ndani kuna vijidudu, mafuta ya injini, na kila kinachotoka vyooni mjini mvua ikinyesha. Hayafanani. Hata ukiyachemsha bado chumvi ni kali mno kwa nyama mbichi.

Sasa nioshe na nini, maji baridi (yasiyo ya chumvi) chomboni ni ya kuhesabu?

Ya kunywa. Ndiyo, hayohayo ya kwenye dumu. Lita moja mbili kwa kidonda kidogo sio hasara, ukilazwa wiki mbili ndo utajua hasara. Mwaga kwa nguvu kidogo, toboa kifuniko cha chupa ya plastiki uminye maji yatoke kwa kasi yaingie ndani, osha kwa sabuni ya kawaida, toa vipande vinavyoonekana kwa kibano kilichochemshwa. Itauma na itatoka damu tena, sawa tu. Kausha, funika kwa kitambaa kisafi, badilisha kila siku na kila kikilowa. Usishone mwenyewe kwa mshipi (yupo aliyefanya), na usikizibe kwa gundi, tundu la baharini linatakiwa libaki na njia ya kutolea uchafu.

Na tumbaku je? Unga wa betri? Kahawa? Kapsuli ya rangi mbili unafungua unamwagia unga?

Jamani.

Kuna kijana alinijia unyayo wake umefungwa kipande cha turubai la tanga, kimekazwa kwa mshipi. Nikakata. Chini kulikuwa na tabaka la kahawa iliyosagwa imeshikana na usaha imekuwa gumu, nikailowesha muda mrefu ndo ikaanza kubanduka, na chini ya kahawa kukawa na weusi mwingine kabisa, unga wa betri. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya mahindi. Kilichobaki chote tulikuwa tunatibu dawa zake, sio tumbawe.

Usiweke chochote kinachotoka jikoni, kwenye injini au kwenye tochi. Na ile kapsuli ukiifungua ukamwagia juu haitibu, ukimeza mbili leo moja kesho ukaacha haitibu, na kwa baadhi ya vijidudu wa baharini hata ukimaliza dozi haiwagusi. Dawa uandikiwe na mtu aliyekiona kidonda.

Ni wakati gani niache kazi nije?

Hapa ndo ugomvi wangu na nyie wote. Nikiuliza mguu umeanza lini, mtu ananijibu kwa mwezi wa angani: "tulikuwa kwenye giza, nikasema ngoja mbalamwezi." Yaani anasubiri dagaa za usiku wa giza ziishe ndo mguu utibiwe. Kidonda hakijui giza wala mbalamwezi, hakijui bamvua (maji makubwa), hakijui kama jahazi halijapakua.

Wekundu ukianza kutambaa kutoka pale ulipokatika, chora mpaka wake kwa kalamu, baada ya masaa machache tazama tena, ukivuka mstari unakuja. Homa au kutetemeka, unakuja. Mtoki kwenye kinena, unakuja. Usaha wenye harufu, unakuja. Maumivu makali kupita ukubwa wa kidonda, au malengelenge ya rangi ya zambarau au nyeusi, hapo usingoje kukuche, mtie moto injini mje usiku huohuo, kwa sababu aina hiyo inakula nyama kwa masaa, sio kwa siku, na baada ya hapo tunaongea habari za kukata mguu au kumzika mtu.

Sio mkimaliza safari. Sio mkifika Kilwa. Siku hiyo.

Mimi nina sukari lakini mguu hauniumi.

Ndo wewe ninayekuogopa zaidi. Hauumi kwa sababu mishipa ya fahamu imekufa ganzi, sio kwa sababu kidonda ni kidogo. Mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa ini na mnywaji wa kila siku hawangoji dalili, wakikatika baharini wanakuja. Na mwangalie nyayo kila jioni, kama huoni chini muulize mwenzio akuangalie.

Mbona wale Wazungu wa yoti wanaogelea na vidonda na hawaumwi?

Wanaumwa, huwaoni tu. Wanakuja na mguu uleule, tofauti ni kwamba wanakuja siku ya pili na sio ya kumi, halafu chomboni wana sanduku la dawa na viatu vya kushukia majini. Viatu hivyo sio anasa. Yeboyebo za sokoni zinatosha kabisa kwa kutembea mwambani maji yakipwa, ila nikisema hivyo vijana wa Msimbati wananicheka.

Nimechomwa na mwiba wa taa, au tasi, au yule samaki anayejifanya jiwe.

Hapa dawa ni moto wa maji. Sumu ya hao inalegea kwa joto, kwa hiyo tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45, dakika 30 mpaka 90, ukiongeza yakipoa. Pima kwa mguu usiochomwa au mwenzio apime, ule uliochomwa hausikii vizuri utaubabua. Usinyonye, usichanje chale, usikaze kamba. Mwiba ukiwa umeingia kifuani, tumboni au shingoni usiuchomoe, njoo nao. Maumivu yakiisha hadithi haijaisha, lile ni tundu la baharini na kila nilichosema hapo juu kinalihusu.

Na yavuyavu?

Suuza kwa maji ya bahari. Eeh, hapa tu ndo nayaruhusu, kwa sababu maji yasiyo ya chumvi yanafanya vile vijisindano vilivyobaki kwenye ngozi vifyatuke. Usisugue mchanga. Kifua kikibana au pumzi ikikata, hospitali.

Sindano ya pepopunda nilichomwa utotoni, si inatosha?

Haitoshi. Kwa kidonda kichafu, kama miaka 5 imepita tangu ya mwisho, au hukumbuki, unachomwa tena. Pepopunda inaweza kuanza siku chache hadi wiki tatu baadaye, kidonda chenyewe kimeshafunga umekisahau, taya linakaza.

Tukifika usiku zahanati imefungwa?

Mtwara nendeni hospitali ya Ligula, Lindi mjini Sokoine, Kilwa Kivinje Kinyonga. Mko Songo Songo au kisiwa kingine pigeni simu kwanza mkiwa na mtandao, waelezeni mnakuja na nini. Na wakati wa kumshusha mgonjwa mbebeni mgongoni au mumlete kwa mtumbwi mpaka mchangani, maana nyie mnamtembeza kwenye maji ya magoti mguu uko wazi, anafika kwangu bendeji inachuruzika bahari.