Muwasho wa Ngozi kwa Wazee: Tuuulizie, Tuupime

Ukimuuliza mzee anaumwa nini, atakutajia magoti, macho na presha. Muwasho hautaji. Kwake hayo ni mambo ya umri, au ni "damu chafu", au ni aibu tu: anaogopa watoto watasema haogi. Basi anajikuna usiku peke yake, na familia inakuja kugundua siku anayefua nguo anapoona vidoa vya damu kwenye shuka na kanga.

Nafanya kazi kliniki ya ngozi, na ombi langu kwa kila nyumba yenye mzee ni dogo. Muulizeni, kisha andikeni namba. Presha tunaipima, sukari tunaipima, lakini muwasho tunaukisia. Ndiyo maana mzee hupewa dawa hii na ile, miezi ikapita, na hakuna anayejua kama hata moja ilimsaidia.

Swali lenyewe ni hili: "Bibi, tangu jana saa kama hizi, muwasho ulipozidi kabisa, ungeupa ngapi kati ya 0 na 10?" Sifuri ni kutowashwa kabisa, kumi ni muwasho usiowezekana kuzidi. Chini ya 3 ni mdogo, 3 hadi 6 ni wa wastani, 7 na 8 ni mkali, 9 na 10 ni mkali mno. Muulize kila siku saa ileile na uandike kwenye daftari. Akianza dawa akiwa na 8 na baada ya wiki kadhaa anakupa 4, dawa inafanya kazi. Katika tafiti za dawa za muwasho, kushuka kwa alama 4 ndiko kunakohesabiwa kuwa nafuu ya kweli.

Wapo wazee ambao namba haziwaambii kitu. Hao waonyeshe mkono, kama wafanyavyo wahudumu wa tiba shufaa (wanaowapunguzia mateso wenye magonjwa mazito) wanapopima maumivu: ngumi iliyofungwa ni hakuna, vidole vitano vilivyokunjuliwa ni balaa. Nina njia nyingine ninayoipenda. Hapa Tanzania klorokwini ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria hadi mwaka 2001, na wazee wengi wanaukumbuka muwasho wake: kipele hukioni, lakini mwili mzima kama unachomwa sindano. Nikimuuliza mzee kama huu wa sasa unaufikia ule wa klorokwini, ananijibu papo hapo. Hiki si kipimo cha vitabuni, lakini kinafungua mdomo, na namba inafuata.

Namba pekee haitoshi. Muulize pia anawashwa saa ngapi kwa siku, kama unaongezeka au unapungua, wapi hasa, na kama unamkatisha usingizi. Hili la usingizi lina uzito. Mzee anayeamka mara nne kujikuna atasinzia mchana, atakosa hamu ya kula, na anaweza kuanguka gizani.

Kazi ngumu ni kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu au asiyeweza kusema. Yeye huwezi kumuuliza, kwa hiyo tazama mikono yake. Je, anasugua mgongo kwenye ukuta au mwimo wa mlango? Anavutavuta nguo? Anahangaika kitandani na kupiga kelele bila sababu inayoonekana? Tazama kucha: zikiwa zinang'aa kama zimepigwa rangi, amekuwa akijisugua kwa muda mrefu. Kisha mvue shati kwa heshima uone mgongo. Alama za kucha zikiwa kila mahali isipokuwa pale katikati ya mabega ambapo mikono haifiki, na pale pamebaki ngozi safi, basi huenda chanzo cha muwasho hakipo kwenye ngozi yenyewe. (Uliza kwanza kama hatumii gunzi au kitana kujikuna, maana hapo alama hiyo inapotea.)

Katika ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Huenda usiuone kabisa. Tafuta mipauko, michirizi ya kijivu, mabaka meusi kuliko kwingine, na pitisha vidole, kwani ngozi iliyokunwa muda mrefu huwa nene na ngumu.

Mara nyingi chanzo ni ukavu. Ngozi ya mzee hutoa mafuta kidogo na haishiki maji kama zamani, na baridi ya Juni na Julai, kama ile ya Njombe, huzidisha. Hapo maji ya uvuguvugu badala ya moto, sabuni isiyo kali, kuacha dodoki, na mafuta ya mgando yaliyopakwa ngozi ikiwa bado na unyevu, hufanya kazi kubwa kwa gharama ndogo.

Lakini usimalizie kwenye ukavu. Muwasho unaozidi usiku, wenye vipele katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono na kiunoni, na mwingine nyumbani naye anajikuna, huenda ni upele, ule ugonjwa wa ngozi wa kuambukizana. Hapo wote watibiwe siku moja. Mzee aliyeishi miaka mingi karibu na mito iendayo kasi, kwa mfano Mahenge, achunguzwe usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa mitoni. Watu husema kiganja kikiwasha pesa zinakuja; viganja na nyayo vikiwasha kila usiku, macho yakawa ya manjano na mkojo ukakolea, apelekwe hospitali akapimwe ini na nyongo. Figo, tezi ya shingo, upungufu wa madini ya chuma na baadhi ya saratani za damu navyo huleta muwasho bila kipele. Upo pia ugonjwa wa malengelenge wa wazee, ambao muwasho wake unaweza kutangulia malengelenge kwa wiki au miezi. Muwasho uliofikisha wiki 6 tunauita sugu, na unahitaji vipimo. Akiwa anakonda, anatoka jasho usiku au ana matezi, msingoje wiki hizo.

Nawasihi pia kuhusu vile vidonge vidogo vya manjano vya mzio vinavyouzwa kila duka la dawa. Kwa mzee vinaweza kuleta usingizi mzito, kuchanganyikiwa, mkojo kugoma na kuanguka, na muwasho wa ukavu haviutibu.

Mkija kliniki, njooni na daftari la namba na mfuko wenye dawa zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba. Mvalisheni nguo yenye vifungo mbele, ili mgongo tuuone bila kumhangaisha.