Ichthyornis: ndege mwenye meno aliyedhaniwa kuwa wanyama wawili

Mwaka 1872 Benjamin Mudge, mkusanyaji wa visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe), alimpelekea mtaalamu O. C. Marsh wa Chuo Kikuu cha Yale visukuku kutoka kwenye miamba ya chaki ya Kansas, Marekani. Marsh alitambua mifupa ya ndege, lakini mataya yenye meno yaliyokuwa pamoja nayo akayapa jina jingine, la mtambaazi mdogo wa baharini. Chaki ilipoondolewa zaidi, mwaka 1873 akarekebisha: vyote vilikuwa vya ndege mmoja, Ichthyornis, mwenye ukubwa wa membe.

Si kosa la kijinga. Taya la chini la ndege huyu lina kiungio katikati ya urefu wake, na mosasauri, watambaazi walioogelea katika bahari iliyofunika Kansas enzi za dinosauri, walikuwa nacho pia. Mwaka 1952 hoja hiyo iliibuka tena, kwamba mataya hayo huenda ni ya mosasauri mchanga. Vielelezo vingine vilivyokutwa na fuvu na mwili pamoja ndivyo vilivyomaliza ubishi.

Meno yenyewe ni madogo, yamechongoka na kupinda kuelekea nyuma, wala kingo zake hazina misumeno. Kila jino limekaa katika tundu lake. Mwenzake wa enzi hiyo, Hesperornis, mpiga mbizi asiyeweza kuruka, meno yake yalipangwa ndani ya mfereji mmoja mrefu. Ukiwa na taya mkononi, anza kuangalia hapo.

Tatizo kubwa la Kansas ni uzito wa tabaka. Mifupa ya ndege ni myembamba na ina uwazi ndani, hivyo chaki iliyorundikana juu huilaza bapa, na fuvu ndilo huumia zaidi. Kulichokonoa kwa sindano ni kulimaliza kabisa. Ndiyo maana watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 waliacha fuvu ndani ya mwamba, wakalipiga picha kwa mashine ya CT, inayotumia eksirei kuonyesha ndani ya kitu bila kukikata, kisha wakaunda upya kila mfupa kwenye kompyuta. Ncha ya taya la juu haikuwa na meno: ilikuwa mdomo mdogo wa kudonolea na kubania, meno yakifuata nyuma yake. Sehemu za kuunganishia misuli ya taya zilibaki kubwa kama za dinosauri, ilhali ubongo ulikwishakaribia wa ndege wa leo.

Baadhi ya mifupa iliyosaidia kazi hiyo ilitoka kwenye kielelezo cha awali kabisa, kilichokuwa Yale tangu enzi za Marsh, bila mtu kuitambua.