Je, wajua kwa nini laptopu huchemka, na joto lake linapaswa kutokea wapi?

Feni ya dari haipoozi hewa ya chumbani. Hewa ya nyuzi 32 ikisukumwa na feni inabaki na nyuzi zake 32. Wewe unapata nafuu kwa sababu una jasho: upepo unalikausha, nalo likikauka linaondoka na joto la mwili wako. Laptopu haina jasho. Hata ukiielekezea feni kubwa ya kusimama, haiwezi kupoa kuliko hewa inayoizunguka, na mchana wa Novemba pale Mtwara mjini au Lindi, kusini mwa Tanzania, kabla mvua hazijachanganya, hewa yenyewe ni ya moto.

Ndiyo maana anayeshuka na laptopu yake kutoka Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde ambako Julai watu wanatafuta masweta, akifika mjini anaisikia inavuma kwa kazi ileile aliyokuwa akiifanya kimyakimya kule juu. Hesabu yake si ngumu. Kazi ikiwa ileile na feni ya ndani ikizunguka kwa kasi ileile, hewa ikipanda nyuzi 8, prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta, nayo inapanda karibu nyuzi 8.

Hata hivyo, hali ya hewa isibebeshwe mzigo wote. Watengenezaji wengi huziunda laptopu zifanye kazi kwenye hewa ya hadi nyuzi 35, na pwani yetu ya kusini mara nyingi haivuki hapo. Kwa hiyo laptopu inayochemka mpaka ikajizima yenyewe wakati unaandika barua tu haijashindwa na jua la Mtwara. Kuna mahali njia ya joto imeziba, na pakizibuliwa itafanya kazi hapahapa kwetu bila taabu.

Njia hiyo inaanzia kwenye prosesa. Umeme wote unaoingia humo huishia kuwa joto. Prosesa ya laptopu nyembamba ya ofisini hutumia kama wati 15, na ya mashine kubwa za kuhariri video au kuchezea michezo hufika wati 45 na kupita. Wati 15 zinasikika chache, lakini zinatoka kwenye kipande cha silikoni chenye sentimita ya mraba moja au mbili tu. Prosesa nyingi zimewekewa kikomo karibu na nyuzi 100. Zikikisogelea, zinajipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, na joto likizidi kupanda mashine inakata umeme ghafla. Hapo kwenye kupunguza kasi ndipo wengi wanapopoteza fedha. Mtu anaona laptopu imekuwa nzito, anaambiwa ina virusi, anapigiwa Windows upya, na baada ya wiki uzito ni uleule. Hakuna programu inayoondoa vumbi.

Juu ya prosesa kumelazwa kibamba cha shaba, na kutoka hapo linaondoka bomba bapa la shaba hadi ukingoni mwa mashine. Wengi wanadhani bomba hilo ni shaba tupu. Ndani yake mna maji kidogo sana, na hewa imenyonywa ikatolewa, kwa hiyo maji hayo hayasubiri nyuzi 100 ili yachemke. Upande wa prosesa maji hugeuka mvuke. Mvuke hukimbilia upande wa pili wenye ubaridi, huko hugeuka maji tena na kuacha joto ulilobeba, vilevile mvuke wa wali unavyogeuka matone chini ya kifuniko cha sufuria. Kisha utambi uliojengwa kwenye kuta za bomba, mara nyingi unga wa shaba uliochomwa ukashikamana, huyarudisha maji kwenye prosesa. Mzunguko huo hauna pampu wala mota, na hauchoki. Wazo lake Richard Gaugler wa kampuni ya General Motors aliliombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi, Marekani mwaka 1942. Mwaka 1963 George Grover wa maabara ya Los Alamos akalifikia kwa njia yake mwenyewe, akifikiria vyombo vya anga za juu. Leo limo kwenye laptopu ya karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima Tandahimba.

Mwisho wa bomba kuna mapezi: vibamba vyembamba vya shaba au alumini vilivyopangwa kwa kubanana, nafasi kati ya kimoja na kingine haifiki hata milimita mbili. Feni huvuta hewa kutoka chini ya laptopu na kuipitisha kwa nguvu katikati ya vibamba hivyo, itokee ubavuni au nyuma. Sehemu kubwa ya joto la mashine inatokea kwenye kidirisha hicho kisichozidi urefu wa kidole.

Na hapo hasa ndipo panapoziba. Ukifungua laptopu iliyotumika miaka mitatu bila kusafishwa, ukaiondoa feni, unakuta kati ya feni na mapezi kuna utando wa kijivu uliolala wima, umeshikana kiasi kwamba ukiushika kwa kibano unatoka mzima. Ukiuchambua unaona nyuzinyuzi za nguo, nywele na vumbi laini. Jambo la kukumbuka ni kwamba utando huo uko upande wa ndani. Ukichungulia matundu kwa nje unaona mapezi yanang'aa, unasema mashine ni safi. Na ukipuliza kwa nje unausukuma tu urudi kwenye feni, kesho unajibandika palepale.

Huku kusini utando huo unajengeka haraka, na kila eneo lina chakula chake cha kuulisha. Masasi na Nachingwea kuna vumbi jekundu. Kwenye maghala, msimu wa korosho ukianza, laptopu inakaa mezani jirani na mzani kutwa nzima huku magunia yakiburutwa na kumwagwa, na kila gunia linaachia nyuzinyuzi zake hewani. Ukanda wa bahari, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, una chumvi. Unyevu wa hewa ukivuka asilimia 75, chembe ya chumvi hunyonya maji hewani mpaka ikayeyuka, kwa hiyo vumbi lenye chumvi linalowana na kunata ndani ya mashine, na vyuma vinaanza kuota kutu.

Kisha kuna salfa. Katikati ya mwaka, mikorosho inapochipua na kutoa maua, mashambani kote hupulizwa unga wake wa manjano kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Unga huo ni mwepesi sana na hausimami kwenye mpaka wa shamba. Shaba na fedha zikikutana na salfa hushambuliwa zikawa nyeusi, na laptopu imejaa shaba: bomba, vibamba, njia za umeme za kwenye bodi. Naona jambo hili halisemwi vya kutosha. Siku za kupuliza, laptopu izimwe, ifungwe ndani ya begi, isiachwe wazi barazani. Kompyuta iliyowashwa inavuta hewa muda wote, na chochote kilichomo hewani inakivuta pia.

Kabla ya kumpelekea fundi, chukua kipimo ambacho hakihitaji kifaa. Fungua video, iache icheze kama dakika 10, halafu weka kiganja kwenye matundu ya kutolea hewa. Ukikuta upepo mwingi na wa moto, njia iko wazi, ila kazi ni nyingi au chumba chenyewe kina joto. Ukisikia feni inavuma sana lakini upepo unaofika mkononi ni hafifu, hilo ni vumbi, na hii ndiyo hali ya kawaida kuliko zote. Upepo ukiwa mwingi lakini vuguvugu tu, huku mashine nzito na sehemu ya kibodi inaunguza, joto halifiki kwenye mapezi: tatizo liko kwenye pesti, ile krimu inayopakwa kati ya prosesa na shaba, au kwenye skrubu zinazoshikilia shaba juu ya prosesa, na kwa nadra bomba lenyewe limevuja. Pasipo upepo wala sauti, feni imekufa au waya wake umechomoka. Isipokuwa kama laptopu yako haikuumbwa na feni kabisa. Zipo, na MacBook Air zilizotoka tangu mwisho wa 2020 ni miongoni mwake.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ya saa moja. Mashine izimwe kabisa, chaja ichomolewe, kifuniko cha chini kifunguliwe kwa bisibisi inayokaa sawasawa kwenye skrubu, na plagi ya betri ichomolewe kwenye bodi kabla ya kugusa kingine chochote. Feni hushikiliwa na skrubu mbili au tatu. Ukishaitoa, utando unauona wazi, unauondoa kwa kibano, kisha unapitisha brashi laini kavu kwenye mapezi kwa kufuata mwelekeo wa vibamba, usivipinde. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu na mate. Ukitumia bloa, zuia mabawa ya feni kwa kijiti kwanza. Feni ndogo ikizungushwa na bloa kwa kasi ambayo haikuundiwa, bearingi zake zinaharibika, na kama bado imeunganishwa inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye bodi. Wapo mafundi wanaofurahia ule mlio wa feni ikizungushwa na bloa. Mwombe fundi wako asifanye hivyo.

Pesti ni suala jingine, na inastahili maelezo kwa sababu watu huikosea pande zote mbili. Uso wa shaba na uso wa prosesa vinaonekana laini, lakini vikigusana vinabaki na mashimo madogo yasiyoonekana kwa macho, nayo yamejaa hewa. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa. Pesti ipo kwa ajili ya kuitoa hewa hiyo na kujaza mashimo, basi. Yenyewe hupitisha joto vizuri kuliko hewa kwa zaidi ya mara 100, lakini bado ni dhaifu mno ikilinganishwa na shaba, kwa hiyo kuipaka nene ni kuongeza kizuizi. Tone dogo katikati ya prosesa linatosha, na mgandamizo wa skrubu utalitandaza. Ya zamani ifutwe kwanza kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoachia nyuzinyuzi. Petroli na mafuta ya taa yasisogee karibu, yanadhuru plastiki na kuacha mafuta. Dawa ya meno, ambayo mara kwa mara hupendekezwa kuwa mbadala, hukauka baada ya muda mfupi na kukuacha pabaya kuliko ulipoanzia. Wakati wa kufunga, skrubu zinazoshikilia shaba mara nyingi huwa zimeandikwa namba 1, 2, 3, 4 pembeni: zifuate, ukikaza kila moja kidogokidogo, ili shaba isilalie upande mmoja.

Pesti haihitaji kubadilishwa kila mwaka. Inabadilishwa ikishakauka na kupasuka, jambo linalochukua miaka kadhaa, na kila mara shaba inaponyanyuliwa, hata kama ni kwa dakika moja. Vumbi ndilo la kila mwaka. Kwa watu wetu ningechagua Septemba: upulizaji wa salfa umekwisha, na minada ya korosho inayoanza Oktoba haijafika, kwa hiyo hata karani wa ghala anaweza kukaa bila laptopu siku moja.

Kati ya usafi mmoja na mwingine, kubwa ni mahali unapoiweka. Laptopu nyingi zinavuta hewa kwa chini, ndiyo maana zina vimiguu vya mpira vinavyoacha nafasi ya milimita chache. Godoro, mto na kanga vinaimeza nafasi hiyo. Hata kile kitambaa cha kufuma kinachopendezesha meza ya sebuleni kinaiziba, tena kinachangia nyuzinyuzi. Meza tupu ni bora. Ukiweka vifuniko viwili vya chupa chini ya vimiguu vya nyuma, feni inapata hewa zaidi bila gharama yoyote. Vibao vyenye feni vinavyouzwa madukani vinasaidia kiasi, lakini kununua kibao kabla ya kusafisha ndani ni kutupa fedha.

Siku za joto kali unaweza pia kupunguza joto kabla halijazaliwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uone programu ipi inakula prosesa bila wewe kuihitaji, uifunge. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ukiweka kiwango cha juu cha prosesa asilimia 99 badala ya 100, kompyuta nyingi huacha ile kasi ya ziada ya kuruka ghafla, na nyuzi hushuka papo hapo. Kwa kuandika na kujaza majedwali hutaona tofauti.

Kinachoumia kimyakimya kuliko vyote ni betri. Kwa kawaida betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45, na joto la kila siku huzizeesha hata zisipochajiwa. Usiiache laptopu kwenye gari lililoegeshwa juani. Usiitie kwenye begi kwa kufunga kifuniko tu ukapanda bodaboda, maana baadhi huamka zenyewe humo ndani na kuchemka bila hewa: izime kabisa. Na ukiona padi ya kipanya imeinuka, au laptopu inayumba juu ya meza iliyonyooka, betri imevimba. Acha kuichaji siku hiyohiyo, usiitoboe wala kuikandamiza irudi, na fundi aitoe kabla ya kushughulikia vumbi au pesti.