Thimlich Ohinga: kuta hizi hazikujengwa na Wareno

Mtu akiziona kwa mara ya kwanza kuta za Thimlich Ohinga, maboma ya kale ya mawe kule Kaunti ya Migori, Kenya, hakawii kuuliza: zilijengwa na Wareno au na Waarabu? Swali hilo huniuma, kwa sababu linawanyima wenyewe kazi yao. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Thimlich ni kazi ya jamii za ukanda wa Ziwa Victoria, yapata karne ya 16, na haina chokaa hata kidogo.

Wengine hudhani basi mawe yamerundikwa tu. Inama upite langoni (utainama kweli, maana malango yalifanywa mafupi ili adui asiingie wima), kisha tazama ukuta kwa karibu. Kuna safu ya nje na safu ya ndani, na katikati vimeshindiliwa vijiwe vidogo. Mawe hayakuchongwa, fundi alichagua jiwe linalokubali kukaa juu ya mwenzake. Kuta zina unene wa kama mita 1 na kimo cha mita 1.5 hadi 4.5. Rundo la mawe halisimami miaka 400.

Kuiita ngome ya vita pekee nako ni kuipunja. Ulinzi ulikuwepo, lakini ndani watu waliishi: nyumba, mazizi, mawe ya kusagia nafaka, mahali pa mfua chuma. Na ingawa jina ni la Kijaluo, waliopokezana maboma hayo ni Waniloti na Wabantu pia.

Dhana inayonitia hofu zaidi ni kwamba tangu UNESCO ilipoiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018, kazi imekwisha. Orodha haizuii mzizi kupenya ukutani, wala mifugo kuangusha mawe, wala mtu kuyabeba akajengee kwake. Na wapo wanaoshauri kwa nia njema kwamba nyufa zizibwe kwa saruji. La hasha! Ukuta mkavu, yaani uliojengwa bila chokaa wala saruji, hupitisha maji ya mvua na hujiachia kidogo ardhi inapotulia. Saruji huyafungia maji ndani, ukuta ukavimba na kupasuka. Sehemu iliyoanguka hurudishwa kwa mikono, jiwe kwa jiwe, na mafundi waliojifunza kuliweka kila moja lilivyokuwa limekaa.