Simu au kamera? Yanayosemwa Bagamoyo na ukweli wake

Asubuhi soko la samaki Bagamoyo, ukitokea na kamera ya lenzi za kubadilisha, watu wanakupisha na kukuita "mzee wa picha". Mwenye simu hapishwi na mtu. Heshima hiyo ya bure ndiyo imezaa maneno mengi yasiyo kweli.

"Kamera, hata ya kuanzia, inaiacha mbali simu gizani."

Hili ndilo linalowatoa watu hela, kwa hiyo tukae nalo kidogo. Kihisi, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, kwenye kamera nyingi za kuanzia ni kama milimita 23 kwa 15. Cha simu ya bei ya juu ni kama 10 kwa 7. Kamera inazidi karibu mara tano, na muuzaji huishia hapo. Hakwambii kwamba lenzi ya 18-55 iliyomo kwenye boksi (hizo ni milimita, zikiongezeka inavuta zaidi) hufunguka mwisho f/3.5 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa), na ukivuta hubana hadi f/5.6, wakati ya simu mara nyingi ni f/1.8. Kwa f/3.5 kila sehemu ya kihisi inapata kama robo tu ya mwanga unaopita kwa f/1.8. Ule ukubwa karibu wote umeshaliwa! Juu ya hapo, simu hupiga picha kadhaa kwa mkupuo na kuzichanganya ziwe moja.

Niliyaona haya kwenye ngoma ya harusi, uani, balbu moja tu mlangoni. Kamera ilinipa picha yenye chengachenga tupu. Simu ikamtoa bibi harusi safi kabisa, kwa kuwa alikuwa ametulia, lakini mikono ya mpiga ngoma ikawa moshi: kuchanganya picha kunataka mtu asitikisike. Dawa yake ilikuwa lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni kati ya lenzi za bei nafuu, na ambayo huingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Mwenye hela ya kamera pekee, asiyebakiza ya lenzi hiyo, kwa picha za usiku mimi ningemwambia abaki na simu yake.

"Simu yangu ina megapikseli 50, kamera yako 24."

Simu nyingi za namna hiyo huunganisha vinukta (pikseli) vinne kuwa kimoja, kwa hiyo picha inatoka na 12 na ushei. Hizo zinatosha kuchapa picha ya sentimita 30 ikapendeza ukutani. Hesabu hii haina mshindi.

"Simu nayo inavuta."

Inavuta, hadi pale lenzi yake ya pili inapoishia, mara tatu au tano. Zaidi ya hapo inakata kipande na kukikuza, na nahodha wa dau linaloingia anakuwa kama amechorwa kwa rangi ya maji. Lakini ile 18-55 nayo haifiki mbali, inalingana na simu iliyovuta mara tatu. Anayeleta uso wa nahodha ni mwenye lenzi ya kufika 250mm.

"Kwa mawio lazima kamera."

Bagamoyo jua linatokea baharini, kwa hiyo mtu akisimama ufukweni alfajiri ukampiga kutokea upande wa mji, kamera inamfanya kivuli cheusi. Simu inamwinua uso yenyewe. Kamera inaweza pia, ukihifadhi faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaitengeneza, na ukawa na subira ya kukaa na kompyuta.

"Kamera ukishainunua, hata ikikaa kabatini haiharibiki."

Kwa hewa yetu ya pwani? Unyevu ukikutana na giza la kabati, kuvu inaota ndani ya lenzi, katikati ya vioo, mahali kitambaa hakifiki. Lenzi yangu ya kwanza ina utando kama wa buibui mpaka leo. Nimewapa watoto, wanatazamia sisimizi.