Je, wajua kwa nini ndugu anayejitolea figo huhojiwa bila ukoo wake?

Chukulia familia iliyotoka Kondoa alfajiri kuja Dodoma mjini. Yupo mama, wapo baba wadogo wawili, yupo mjomba, kaka anayeumwa, na mdogo wake wa kike aliyekubaliwa kuwa ndiye atakayetoa figo. Wote wanataka kuingia kwa daktari, maana jambo ni la ukoo. Daktari anawaamkia wazee vizuri, kisha anawaomba wasubiri nje. Anataka kuongea na binti peke yake. Kwenye benchi minong'ono inaanza. Kuna nini mpaka tutolewe?

Kuna swali moja ambalo binti hawezi kulijibu kwa uhuru wazee wakiwa wanamtazama: wewe mwenyewe unataka?

Swali hili limetusogelea. Zamani wagonjwa wetu walipelekwa India kupandikizwa figo. Muhimbili ilianza kutoa huduma hiyo mwishoni mwa 2017, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ikaanza, kwa kushirikiana na madaktari wa Tokushukai, kundi la hospitali kutoka Japani. Na haja ni kubwa kweli. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa kwa kawaida husafishwa damu mara tatu kwa wiki, takribani saa nne kila mara. Mtu wa Mpwapwa au Manyoni akiingia kwenye ratiba hiyo, shamba na kazi vinamponyoka. Ndiyo maana ndugu hukaa kikao haraka, na mimi siwalaumu hata kidogo.

Ugumu unaanzia kwa yule mwingine. Kwa kawaida anayepanda kitanda cha upasuaji anapanda kwa sababu anaumwa. Mtoaji figo anapanda akiwa mzima. Anachanwa, anaondolewa kiungo kinachofanya kazi, na mwili wake haupati chochote. Daktari aliyefundishwa kutomdhuru mgonjwa anaingiaje na kisu hapo? Swali hilo liliwasumbua madaktari wa Boston, Marekani, mwaka 1954, walipojiandaa kuhamisha figo ya Ronald Herrick kwenda kwa pacha wake Richard. Waliwaendea viongozi wa dini na wanasheria kuuliza kama jambo lenyewe ni halali. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard alimwandikia pacha wake ujumbe akimtaka aende zake nyumbani. Ronald akajibu kwamba yupo na atabaki. Tarehe 23 Desemba Joseph Murray na wenzake wakafanya kazi hiyo. Richard aliishi miaka minane zaidi, Ronald mpaka 2010, na Murray akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Jibu lililopatikana tangu hapo ni kwamba kinachouhalalisha upasuaji huo ni ridhaa ya mtoaji, pamoja na vipimo vinavyoonyesha kuwa anaweza kuishi salama na figo moja. Upendo wa familia hautoshi, hata huruma ya daktari kwa mgonjwa haitoshi. Ridhaa ikiwa ya kusukumwa, kilichobaki ni kumkata mtu mzima bila sababu.

Na ili aridhie lazima ajue anachokiridhia. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa kati ya watoaji 10,000, kama 3 hufariki ndani ya miezi mitatu baada ya upasuaji. Utafiti wa huko uliochapishwa 2014 ulikadiria kuwa watoaji 90 katika kila 10,000 watapata figo kushindwa kabisa maishani mwao, wakati kwa watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa ni 14. Kwa binti ambaye hajazaa kuna jingine, na naona halisemwi vya kutosha: utafiti wa Canada wa 2015 ulikuta presha ya ujauzito au hali inayotangulia kifafa cha mimba kwa asilimia 11 ya mimba za waliotoa figo, dhidi ya asilimia 5 kwa wasiotoa. Hatari ni ndogo, lakini ni za kwake.

Sasa mlango umefungwa. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Nani alikuambia uje kupima?"

"Tulikaa kikao, dokta."

"Na wewe ulisema nini kwenye kikao?"

"Mimi ndiye mdogo. Sikuongea."

Hakuna aliyemtishia. Ila hajaolewa, hana watoto, anakaa kwa huyo kaka, na ada yake ya chuo ilitoka kwa huyo huyo kaka. Kila mtu kwenye kikao aliyajua hayo, naye aliyajua. Mwongozo wa 2017 wa KDIGO, taasisi ya kimataifa inayoandika miongozo ya tiba ya figo, unataka hospitali ihakikishe kwamba mtoaji hajashinikizwa, na akikataa uamuzi wake uheshimiwe na uwe siri. Inafaa pia asimamiwe na mtu asiyemtibu mgonjwa, kwa kuwa daktari wa kaka, hata akiwa mwema kiasi gani, ana mgonjwa wake wa kumtetea.

Je, akisema hataki? Hapa madaktari wenyewe hubishana. Wapo waliozoea kumtungia kisingizio cha ugonjwa ili ndugu wasimtenge. Nia ni njema, lakini siikubali njia hiyo. Ugonjwa wa kutunga hauishii hospitali. Wazee watauliza unatibiwa wapi, na siku ya posa utakumbushwa. Vituo vingi huiambia familia tu kwamba huyu hataweza kuwa mtoaji, bila kutaja sababu. Njia hiyo inafanya kazi iwapo hospitali inawanyamazia wote: aliyekutwa na presha, ambaye damu haikulingana, na aliyeogopa. Jibu likiwa moja, anayesikiliza nje hawezi kujua nani alikataa.

Vipimo navyo hufichua mengine. Kulinganisha tishu za baba na mtoto kunaweza kuonyesha kuwa hawana undugu wa damu. Busara ni kuwauliza kabla ya kupima kama wangetaka kujua jambo la namna hiyo likijitokeza, maana baada ya majibu hakuna namna nzuri ya kuanza kuuliza.

Anayekubali naye anaweza kubadili nia wakati wowote kabla ya kuchomwa nusukaputi, hata kama sahihi yake ipo kwenye fomu.

Kikao bado kina kazi yake. Baada ya upasuaji mtoaji hatakiwi kubeba vitu vizito kwa wiki kama sita, yaani ndoo ya maji, mzigo wa kuni, gunia la uwele. Nani atamchotea maji? Nani atampalilia shamba? Kila mwaka atapaswa kupimwa presha, mkojo na damu kuona figo iliyobaki inaendeleaje. Nauli itatoka mfuko upi, na mpaka lini? Hayo wazee wanaweza kuyajadili wote kwa pamoja, na wangeyamaliza kabla hata ya kuuliza nani yuko tayari kupimwa.